Siku 14 za Mnunuzi: Biashara ya Magari Yaliyotumika Voi na Sheria ya Usajili

Magari yaliyotumika yanayoshushwa katika bandari ya Mombasa na kupelekwa Nairobi kwa barabara hupitia Voi, mji ulio kiasi cha kilomita 150 kutoka bandarini na ambao ndio njia panda ya kwenda Mwatate, Wundanyi na Taveta. Mnunuzi wa Taita Taveta huweza kuagiza gari kutoka ng'ambo au kununua lililokwisha kutumika nchini, na sheria haimpi nafasi sawa katika hali hizo mbili.

Gari la ng'ambo lisizidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na baada ya kulipiwa ushuru ni lazima lisajiliwe na NTSA, mamlaka ya usalama barabarani na uchukuzi. Kabla ya hapo haliruhusiwi barabarani, isipokuwa chini ya leseni ya jumla ya wafanyabiashara wa magari, ambayo ni kibali cha shughuli za yadi, wala si cha mnunuzi kuendea nyumbani.

Kwa gari lililokwisha kusajiliwa nchini, kifungu cha 9 cha Sheria ya Trafiki kinaruhusu litumike kwa siku 14 tangu kuuzwa, na muda huo ukipita kabla mmiliki mpya hajaandikishwa, kulitumia ni kosa. Siku hizo haziondoi wajibu wa bima dhidi ya madai ya watu wengine, wala wa ukaguzi wa kila mwaka kwa magari ya biashara.

Tatizo kubwa, na ambalo halijapewa uzito unaostahili, limo katika kifungu cha 8, kinachomhesabu aliyeandikwa katika logbuku, yaani hati ya usajili, kuwa ndiye mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo. Mchuuzi anayenunua Probox ya kuteremshia mboga kutoka Wundanyi hadi soko la Kongowea, akaridhika na ufunguo na mkataba wa mkono, anafanya kazi kwa mtaji ambao kisheria bado unasomeka kuwa wa mwingine, na muuzaji naye hubaki akitafutwa kwa ajali asizozijua. Kwa kuwa uhamisho sasa huanzishwa na muuzaji kwa mtandao na kukubaliwa na mnunuzi, hakuna sababu ya kuuahirisha: mnunuzi asikamilishe malipo kabla muuzaji hajauanzisha.