Alizeti ifundishe Tononoka

Wapo wasemao kwamba shule za Tononoka hazina ardhi ya kufundishia kilimo. Hoja hiyo haisimami mbele ya alizeti. Mmea huu, ambao asili yake ni Amerika ya Kaskazini, huweza kupita kimo cha mtu mzima katika muhula mmoja, nao hutosheka na nafasi ya sentimita 30 kando ya ukuta upatao jua.

Sikatai kwamba kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe. Basi udongo na uchanganywe na samadi, mbegu zifukiwe kina cha sentimita 3 hivi mwezi Mei, mvua za masika zikingali zanyesha, na kila mche ufungwe kwenye kijiti, kwani upepo wa kusi hauna simile.

Mche mchanga hulifuata jua toka mashariki hadi magharibi. Ua likikomaa hutulia likitazama mashariki. Mwaka 2016, wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walieleza kuwa jua la asubuhi hulipasha ua hilo joto mapema, na nyuki huliendea kwa wingi. Hayo mwanafunzi aweza kuyachunguza bila maabara. Mwalimu wa hisabati naye atapata mizunguko ya mbegu ya kuhesabiwa, aghalabu 34 na 55.

Mtaala wa umilisi wadai vitendo. Kwa nini basi tuchore ua ubaoni, ilhali jua tunalo bure? Udongo uwahi ungali maji.