Ulinzi Shirikishi: Wananchi na Polisi Katika Doria Moja

Kamati ya parokia inapoletewa ombi la tochi na makoti ya mvua kwa vijana wa doria, ni vema ikajua kwanza ulinzi huo unaendeshwaje. Makala hii inaeleza ulinzi shirikishi ni nini, na mipaka yake iko wapi.

Moshi ni mji wenye Shule ya Polisi inayofundisha askari wapya wa nchi nzima. Hata hivyo, huko juu mlimani nyumba zimejificha ndani ya vihamba, katikati ya migomba na kahawa. Vijana wengi wako Dar es Salaam, Arusha na kwingineko hadi Desemba wanaporudi nyumbani. Miezi mingine wazee hubaki peke yao. Mbwa wakibweka usiku, wa kwanza kusikia ni jirani, si askari.

Chanzo chake

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wananchi wa Shinyanga na Tabora walianzisha sungusungu ili kukomesha wizi wa ng'ombe. Walisifiwa kwa kazi hiyo, lakini baadhi ya watuhumiwa waliteswa na wengine kuuawa. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo ili makundi hayo yatambulike kisheria. Kuanzia mwaka 2006, Said Mwema alipokuwa Inspekta Jenerali wa Polisi, mkazo uliwekwa kwenye polisi jamii, yaani polisi na wananchi kuzuia uhalifu kwa pamoja.

Mipaka yake

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda makosa ya aina fulani mbele yake, lakini ni lazima amkabidhi polisi bila kuchelewa. Kuhukumu si kazi yake. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza kumtendea mtuhumiwa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitika, na inakataza mateso.

Jambo hili si la vitabuni tu. Mtu akipigiwa kelele za "mwizi", dakika chache zinatosha kumpotezea uhai, na pengine hana kosa. Walinzi waliofundishwa vema ndio wanaoweza kusimama kati yake na mawe. Wasiofundishwa huweza kuwa wa kwanza kurusha.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuchangia

1. Je, mkutano wa kijiji au mtaa uliridhia kikundi hicho na watu wake?
2. Je, kituo cha polisi kina majina yao, na wamepata mafunzo?
3. Je, kila tukio linaandikwa katika daftari, pamoja na saa mtuhumiwa alipokabidhiwa?
4. Je, michango ya kaya inatolewa stakabadhi, na hesabu husomwa mkutanoni? Mjane asiye na uwezo wa kuchangia analindwa kama wengine?
5. Je, walinzi wanajua kwamba mama au mtoto anayepigwa nyumbani anapaswa kusaidiwa kufika Dawati la Jinsia na Watoto la polisi?

Majibu yakiridhisha, tochi, filimbi, mabuti na makoti ya mvua ni msaada unaofaa. Silaha zisiwemo kabisa. Yasiporidhisha, anzeni kwa kugharamia mafunzo, kwa kushirikiana na uongozi wa kijiji na polisi wa kata yenu.