Chuma Nilichokiuza kwa Kilo

Ikiwa unatoka Maua, Nkubu, Chuka au Runyenjes, bila shaka umewahi kupewa lifti katika Probox ya miraa. Magari haya hayabaki jinsi yalivyotoka Japani. Nyuma huongezewa springi ili yabebe magunia mengi, huinuliwa yasigonge mawe, na mara nyingine hupunguziwa vyuma. Leo ningependa kueleza kazi ya chuma kimoja kinachotolewa ovyo, nacho ni stabilaiza ya mbele. Sikuyajua haya kwa kusoma vitabu. Niliyajua kwa kosa langu mwenyewe.

Likizo ya Aprili nilikuwa tanboi wa mjomba wangu. Gari lake lilikuwa likigonga mbele, kogo! kogo! kila tulipopita matuta. Fundi mmoja wa jua kali aliingia chini, akatoka na chuma kirefu kilichopinda. "Kelele ni ya hii, mzee. Gari itatembea tu bila hii. Wengi nimewatolea." Kweli kelele iliisha. Mimi niliambiwa nikitupe kile chuma. Nikakipeleka kwa mnunuzi wa vyuma kuukuu, akakipima kwa kilo, nikapata pesa za soda na mandazi. Nikajiona mjanja!

Je, stabilaiza ni nini? Ni fimbo ya chuma iliyopindwa kama herufi U. Katikati imefungwa chini ya gari kwa bushi za mpira, na kila ncha imeunganishwa na upande wa gurudumu moja kwa kichuma kiitwacho linki. Ili uelewe, chukua waya mgumu, uupinde hivyo, kisha mwenzako aushike katikati bila kuukaza. Inua ncha zote mbili pamoja: waya unazunguka tu. Sasa inua ncha moja huku ukiizuia ile nyingine: waya unajisokota na kukataa. Barabarani ni vivyo hivyo. Magurudumu yote mawili yakipanda tuta pamoja, stabilaiza haina neno. Lakini kwenye kona gari hulalia upande wa nje. Hapo ndipo chuma hiki hujisokota na kulizuia lisilale mno.

Kuna jambo jingine ambalo hata mjomba hakulijua. Kwenye kona, uzito huhama kutoka tairi za ndani kwenda za nje. Tairi iliyobebeshwa uzito maradufu haishiki barabara maradufu. Hushika pungufu ya hapo. Mbele na nyuma ya gari hugawana kazi ya kulizuia lisilale. Ukitoa stabilaiza ya mbele, sehemu kubwa ya kazi hiyo inahamia nyuma. Na nyuma kwetu kulikuwa na zile springi ngumu za kubebea miraa! Gari la namna hiyo likiwa tupu na lami imelowa, mkia unaweza kuteleza ghafla. Huko Marekani, wengine wanaoshindana katika mbio fupi za kwenda moja kwa moja hukitoa chuma hiki makusudi, ili gari liwe jepesi na pua iinuke upesi. Lakini wao hawana kona.

Sisi tunazo tele. Mito inashuka kutoka Mlima Kenya kuelekea mashariki, na barabara ya Meru hadi Embu inaivuka mmoja baada ya mwingine. Unateremka, kona, daraja, kona, unapanda. Daraja la Nithi linajulikana nchi nzima. Julai 2022 basi lilitumbukia pale na watu zaidi ya 30 wakafariki.

Siku yetu ilipofika hatukuwa na mzigo. Tulikuwa tukimpeleka Mama Embu kumwona nyanya aliyelazwa, na mvua ilikuwa ikinyesha. Nithi tulipita polepole kwa hofu. Tukiteremka kuelekea mto Thuci, mjomba alikata kona ya kushoto, kisha akarudisha usukani kulia. Gari lililala upande huu, likajitupa upande ule, mkia ukateleza. Mbele yetu lori lilikuwa linapanda. Tulisimama mtaroni tukiwa tumeelekea tulikotoka, na lori likapita likipiga honi. Hakuna aliyeumia. Lakini Mama alikataa katakata kuingia tena, akapanda matatu hadi Embu.

Mjomba aliilaumu mvua. Huko Embu fundi mzee alilala chini ya gari, akauliza, "Stabilaiza ya hapa iko wapi?" Mjomba akanigeukia. Nikajibu, "Niliiuza, mjomba." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mimi ndiye niliyekubali itolewe." Fundi alitueleza kwamba chuma chenyewe mara nyingi huwa hakina kosa, kelele kama ile kwa kawaida hutoka kwa linki na bushi zilizolika, na hizo hubadilishwa kwa muda mfupi. Sasa ilibidi mjomba anunue fimbo nzima.

Basi wenzangu, gari la nyumbani likigonga mbele, mwambie baba au kaka aulize kwanza kuhusu linki na bushi. Fundi akitoa chuma, aeleze kazi yake. Wala usidanganyike kwa kuwa gari linakwenda vizuri kwenye barabara iliyonyooka. Pale hata letu lilikwenda vizuri. Wahenga hawakukosea: usipoziba ufa utajenga ukuta.