Nyumba Mpya Ipimwe Kabla ya Kusifiwa

Mtu anunuaye shati dukani hulikunjua, akatazama mshono wake, ndipo akauliza bei. Lakini mtu huyo huyo, anunuapo au apangapo nyumba mpya ambayo itakula mshahara wake miaka mingi, aghalabu hutazama rangi ya ukuta na vigae vya sakafuni, kisha akaweka sahihi. Mwezi wa kwanza ukiisha ndipo anapojua alichopewa. Joto la mchana halitoki usiku. Feni yazungusha hewa ya moto. Umeme wa LUKU ulionunuliwa Jumatatu haufiki Ijumaa. Na maji ya bomba yamwagika chooni kana kwamba yapatikana bure.

Hatusemi haya kwa nia ya kuwatisha wananchi wanaotafuta makao. Twayasema kwa sababu siku hizi iko njia ya kuipima nyumba ingali katika ramani, na kuithibitisha ikiisha kujengwa. Nasi twaona kuwa habari za njia hiyo zimekaa mno katika ofisi za wenye mitaji, hali walipao gharama ya nyumba mbovu kila mwezi ni wafanya kazi.

Desturi hii si ya jana. Uingereza ilianza kutoa hati ya majengo iitwayo BREEAM mwaka 1990, na Marekani ikaanzisha yake, LEED, mwaka 1998. Baadaye IFC, tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na mitaji ya makampuni ya watu binafsi, lilitunga hati iitwayo EDGE kwa ajili ya nchi zinazoendelea. Hati hii yapatikana Tanzania na Kenya.

Sheria yake ni rahisi kueleza. Nyumba hulinganishwa na nyumba ya kawaida ijengwayo mahali pale pale. Lazima ipunguze asilimia 20 katika mambo matatu: umeme na nishati nyingine itumikayo, maji, na madhara ya vifaa vya ujenzi, yaani nishati na moshi uliotumika kuvitengeneza. Lazima iyatimize yote matatu. Mjenzi aliyeokoa umeme mwingi huku maji akiyafuja hapati kitu. Apunguzaye nishati kwa asilimia 40 hupewa daraja la juu zaidi.

Safari ya kuipata hati huanza mezani. Mwenye nyumba au mhandisi wake huingiza vipimo vya ramani katika programu ya kompyuta ambayo haitozwi malipo, akaona mara moja ni wapi amepungukiwa. Kisha huandikisha jengo lake. Mkaguzi huzichunguza ramani na hesabu, na zikikubaliwa hutolewa hati ya awali. Jengo likikamilika, hukaguliwa tena ili ijulikane kama taa, mabomba na vifaa vya paa vilivyoandikwa ndivyo vilivyowekwa. Ndipo hutolewa hati ya mwisho. Tena mkaguzi haruhusiwi kuwa ndiye aliyekuwa mshauri wa jengo hilo. Hapa ndipo ilipo thamani ya hati yote. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini nyumba mbovu iliyopakwa rangi nzuri hujiuza vilevile, maana ubovu wake umejificha. Yafaa awepo shahidi asiye na fungu katika faida.

Asidhani mtu kwamba asilimia 20 haipatikani ila kwa mitambo ya ajabu. Katika pwani yetu jua la asubuhi na la jioni hupiga kuta za mashariki na magharibi. Basi nyumba iliyoelekeza pande zake ndefu kaskazini na kusini, ikatoa paa mbele kufunika madirisha, hupata joto dogo. Dirisha likikabiliana na dirisha, upepo hupita. Bati lililopakwa rangi nyeupe, likawa na dari chini yake, halimchomi alalaye. Taa za LED hutumia sehemu ndogo tu ya umeme uliokuwa ukiliwa na balbu za zamani. Choo chenye vitufe viwili humwaga maji machache pasipohitajika mengi. Katika vifaa, saruji ndiyo ya kutazamwa kwanza, maana kiungo chake kikuu huchomwa kwa moto wa nyuzi 1,450 hivi; tofali za udongo ulioshindiliwa na saruji kidogo hazihitaji tanuri wala kuni. Wazee waliojenga kwa mawe mazito na baraza zenye kivuli waliyajua mengi ya haya bila hati yoyote.

Wako wasemao kuwa hati ni pambo la tajiri. Ni kweli kwamba uandikishaji na ukaguzi una malipo, na mtu ajengaye vyumba viwili Mbagala kwa akiba yake aweza kuyaona ni mzigo. Huyo twamshauri aitumie programu ile na kuyafuata mafunzo yake hata asipoomba hati. Lakini shirika la nyumba, mfuko wa pensheni au mwajiri ajengaye nyumba mamia hana udhuru huo, kwa kuwa malipo hugawanyika katika nyumba zote. Wenye mitaji wamekwisha kuiona faida yake. Mwaka 2019 kampuni ya Acorn ya Kenya ilikusanya shilingi za Kenya bilioni 4.3 kwa hati fungani, ili kujenga mabweni ya wanafunzi Nairobi yenye kutimiza kipimo cha EDGE. Ikiwa mkopeshaji ataka kuiona hati kabla ya kutoa fedha yake, je, mpangaji asiione kabla ya kutoa ya kwake?

Yapasa pia kusema hati isichoweza. Haisemi kwamba kodi ni ya haki, wala kwamba ukuta hautapasuka. Nayo hulipima jengo, haimpimi akaaye ndani. Mwenye kuacha bomba wazi usiku kucha ataharibu hesabu ya mhandisi yeyote.

Jambo hili ni la nchi nzima, si la mfuko wa mtu mmoja. Mwaka 2006 ukame ulipopunguza maji ya mabwawa, Tanzania iliingia katika mgawo wa umeme. Mwaka 2022 Mto Ruvu ulipopungua, Dar es Salaam iliingia katika mgawo wa maji. Kila nyumba ifujayo huongeza njaa ya siku kama zile.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wa vyama vya wafanya kazi na vyama vya ushirika wa nyumba waulize maneno matatu kila waonyeshwapo majengo mapya: Yamepimwa na nani? Hati ya mwisho iko wapi? Na tofauti yaonekanaje katika ankara ya umeme na maji? Asiyeweza kujibu, asipewe sahihi.