Bastola ya kazi: kipi kinastahili fedha yako?

WAFANYABIASHARA wa Kariakoo ni hodari wa kupiga hesabu. Mwenye duka la jumla Mtaa wa Kongo hawezi kuongeza hata rafu moja dukani bila kujiuliza itamrudishia nini. Lakini mtu huyo huyo, akishapata kibali cha kumiliki bastola kwa ajili ya kujilinda, mara nyingi huiweka kalamu chini. Anaanza kutamani kishikio cha pembe, nakshi, rangi ya dhahabu na triga nyepesi kama ya kwenye filamu.

Wiki hii ukurasa huu unaweka kando bei ya mchele na dola ili kuipima bastola kama kitendea kazi kingine chochote cha biashara. Swali ni moja: kati ya mabadiliko yote ambayo fundi wa silaha anaweza kukufanyia, ni yapi yana faida na yapi ni mapambo?

Mwenye daladala anaelewa haraka. Gari linaweza kufungwa muziki mnene na rimu zinazong'aa, lakini linaloingiza hesabu ya siku ni lile lenye breki, matairi na injini inayowaka asubuhi. Bastola nayo iko hivyo hivyo.

Asili ya mabadiliko

Biashara ya kuboresha bastola ilikua kwa sababu ya upungufu halisi. Bastola ya Colt iliyobuniwa na John Browning na kupokewa na jeshi la Marekani mwaka 1911 ilikuwa imara, lakini vilengeo vyake, yaani vile vipande viwili vya juu vya kulengea, vilikuwa vidogo mno. Browning Hi-Power ya Ubelgiji, iliyotoka mwaka 1935 na kuenea katika majeshi mengi duniani, ilikuwa na kifaa cha usalama kinachozuia isifyatuke magazini ikiwa nje. Kifaa hicho kiliifanya triga iwe nzito na ya kukwaruza. Mafundi walipata kazi kwa kurekebisha mambo kama hayo.

Jeff Cooper, mwalimu wa Kimarekani aliyefungua shule ya bastola huko Arizona mwaka 1976, alishikilia kwamba silaha ya kazi inahitaji mambo machache tu: vilengeo vinavyoonekana, triga inayotawalika, na kingo zilizosuguliwa zisichane mkono wala nguo. Yanayobaki, kwa maoni yake, yalikuwa ya ziada.

Kwa mnunuzi wa leo kuna habari njema. Mengi ambayo zamani yalilipiwa kwa fundi sasa hutoka kiwandani moja kwa moja. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kubana matumizi ni kuchagua vizuri siku ya kununua. Bastola inayohitaji matengenezo makubwa ili ifae ni sawa na nyumba ya bei poa isiyo na msingi.

Vinavyolipa

Cha kwanza ni kutegemeka. Bastola inapokwama, magazini ni moja ya vitu vya kwanza kukaguliwa, kwa sababu midomo yake hupinda na springi yake huchoka. Magazini mbili au tatu zilizotengenezwa na kiwanda chenyewe zina thamani kuliko nakshi yoyote. Springi kuu nayo ni kipuri cha kubadilishwa kila baada ya muda, kama mkanda wa injini. Gharama yake ni ndogo, lakini ikipuuzwa hasara yake ni kubwa. Kisha ijaribu bastola kwenye uwanja unaoruhusiwa, kwa aina ile ile ya risasi unayobeba na ndani ya idadi ambayo kibali chako kinaruhusu. Kama inakwama pale, msumbufu usiongezewe mapambo.

Cha pili ni vilengeo. Mfanyabiashara anayefunga duka saa moja usiku na kupita uchochoro wenye giza anahitaji kuona anapolenga. Vipo vilengeo vyenye tritiumu, vinavyowaka vyenyewe bila betri. Lakini mwekezaji ajue kwamba hiyo ni mali inayochakaa: nguvu ya tritiumu hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 hivi. Anayeuziwa bastola ya zamani kwa bei ya juu "kwa sababu ina taa" aulize kwanza taa hiyo ni ya mwaka gani.

Cha tatu ni kinga ya kutu. Hapa mkazi wa Dar es Salaam anatofautiana na mwenzake wa Arizona. Hewa yetu ina unyevu na chumvi ya bahari, na silaha inayovaliwa kiunoni mchana kutwa hunywa jasho. Chuma cha pua au kuchovya kromu ngumu ni gharama yenye maana katika pwani hii. Hata hivyo, kitambaa chenye mafuta kila jioni hufanya sehemu kubwa ya kazi hiyo kwa bei ya soda.

Cha nne hakimo ndani ya bastola kabisa. Ni ala nzuri inayofunika triga yote, mkanda imara wa kuibeba, na sefu iliyofungwa ukutani nyumbani. Mwenye watoto asifike kwenye vilengeo kabla ya kununua sefu.

Vinavyokula mtaji

Triga nyepesi ndiyo mtego mkubwa. Bastola ya Glock 17, iliyozaliwa Austria mwanzoni mwa miaka ya 1980, hutoka kiwandani na triga ya kuvutwa kwa nguvu ya takriban kilo 2.5. Uzito huo una sababu. Mashindanoni wepesi huleta ushindi. Katika msongamano wa Msimbazi, mkono unapotetemeka kwa hofu, wepesi huo huo unaweza kuleta msiba na kesi. Triga laini isiyokwaruza ni jambo jema. Triga ya kupulizwa ni deni. Kadhalika usalama wa ile Hi-Power: wapo mafundi huko nje wanaouondoa ili triga ilainike, lakini anayefanya hivyo ajue ameondoa kinga aliyoinunua.

Vitenza vikubwa vinavyojitokeza pembeni, mitutu yenye matundu na slaidi zilizochongwa ni vya michezo. Hunasa kwenye nguo na wakati mwingine huharibu mpangilio wa kiwanda. Kishikio cha pembe ya ndovu kisitajwe kabisa: biashara ya kimataifa ya pembe hizo ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa CITES mwaka 1989, na Tanzania ilikuwa mstari wa mbele kuudai.

Tena mapambo hayarudishi fedha. Siku ya kuuza, mnunuzi hulipia bastola, na mara chache hulipia ladha yako.

Sheria kwanza

Silaha nchini inatawaliwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Vipuri vya silaha si vipuri vya pikipiki vya kuagizia kwa rafiki anayekwenda Dubai. Kabla ya kubadilisha mtutu au kitu chochote kinachogusa maelezo yaliyo kwenye kibali, fika polisi uulize. Namba ya silaha isiguswe na fundi yeyote, hata kwa kisingizio cha kuing'arisha.

Mgawo wa bajeti

Ukitenga fungu la kuiboresha bastola, ligawe mara kumi. Manne yaende kwenye mafunzo na mazoezi. Mawili yanunue magazini na springi, mawili ala na sefu. Moja liwe la vilengeo, na la mwisho mafuta na ukaguzi wa fundi mwenye leseni. Ukiona fungu la triga na nakshi halimo, hukukosea kuhesabu.

Na kabla ya yote, pima mtaji wako kwa ukweli. Aprili 2006 majambazi walivamia gari lililobeba fedha za benki pale Ubungo Mataa, na askari polisi aliyekuwa akilinda aliuawa pamoja na mfanyakazi wa benki. Hawakuwa raia wenye bastola ya kiunoni. Walikuwa na ulinzi rasmi. Tangu mwaka 2008 fedha zinaweza kutumwa kwa simu hapa nchini. Kila shilingi inayoondoka dukani kwa njia hiyo, au inayopelekwa benki mchana kwa saa zisizotabirika, ni shilingi isiyohitaji bastola.

Mfanyabiashara mwerevu atapunguza kwanza fedha anazotembea nazo. Kisha atanunua silaha inayowaka kila mara, ataitunza, na ataomba asiitumie kamwe.