Usukani wa Land Rover kuukuu ukicheza, tafuta kiini kwanza

Wakulima wa viazi na ngano wa Timau, Kaunti ya Meru, wanalijua vyema gari aina ya Land Rover Series III, lililoundwa kati ya 1971 na 1985. Mwili wake wa aluminiamu huhimili miaka mingi, ila vyuma vinavyoongoza magurudumu ya mbele huchakaa.

Dalili ni usukani kucheza na gari kuyumba. Hatari huwa kubwa zaidi barabara inapoteremka kutoka Timau, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hadi Isiolo, takribani mita 1,100. Kiungo kikichomoka hapo, dereva hawezi tena kuliongoza gari.

Aghalabu watu hukimbilia kukaza sanduku la usukani. Hatua hiyo huufanya usukani kuwa mzito na kuuficha ugonjwa.

Uchunguzi wenyewe si mgumu. Magurudumu yakiwa ardhini, mwenzako auchezeshe usukani kushoto na kulia, nawe utazame boli jointi zote 6. Iliyolika hujionyesha: upande mmoja husonga kabla ya mwingine.

Kisha inua ekseli kwa jeki, uiegemeze imara, ulishike gurudumu juu na chini na kulitikisa. Likicheza, mwenzako akanyage breki. Mchezo ukitoweka, beringi za gurudumu ndizo zilizolegea. Ukisalia, zimelika pini ambazo gurudumu hugeukia wakati wa kukata kona.

Kabla ya kufungua boli jointi, pima urefu wa fimbo yake. Jointi moja katika kila fimbo ina hesi za kushoto, hivyo usiilazimishe. Badilisha zote mbili za fimbo hiyo, na utie pini mpya ya kuzuia nati. Iliyokwisha kukunjwa huweza kukatika.

Pini za kugeuzia gurudumu zikibadilishwa, bushi ya juu na beringi ya chini zibadilishwe pia. Vibati vyembamba vya pini vipangwe hadi gurudumu ligeuke bila kulegea wala kukwama, kisha oili irejeshwe.

Hatimaye, pima nafasi baina ya magurudumu. Mbele iwe ndogo kuliko nyuma kwa milimita 1.2 hadi 2.4, vinginevyo tairi zitalika upesi. Boli jointi ni nafuu kuliko tairi, sembuse maisha ya abiria.