Nyumba ya Ibada Ikiwa na Mlango Wazi, Nani Atalipa Bawabu?

Je, msomaji, ulipokwenda kuabudu juma hili ulikaguliwa langoni? Huenda bawabu alikupitishia kile kifaa cha kutambua chuma ubavuni, kisha akauomba mkoba wa mama afungue na kuchungulia chini ya kitabu cha nyimbo. Watoto wetu wamekulia katika hali hiyo na hawaioni kuwa ajabu. Lakini waulize wazazi wako. Watakuambia kwamba zamani lango la kanisa au msikiti halikuwa na kazi nyingine ila kuwazuia mbuzi wasile maua.

Swali ambalo wachache hujiuliza ni hili: yule bawabu analipwa na nani? Hapa kwetu jibu lake mara nyingi ni rahisi. Ni wewe na mimi, kwa sadaka na michango. Huko Marekani, ambako Wakenya wengi wana ndugu na marafiki, serikali kuu ina mfuko maalumu wa kazi hiyo. Yafaa tuuchunguze mfuko huo, kwa kuwa una mafunzo hata kwa sisi tusioweza kupata senti yake moja.

Mfuko ulivyoanza

Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Marekani iliunda Wizara ya Usalama wa Ndani. Mnamo 2005 Bunge la nchi hiyo likatenga dola milioni 25 za kuyasaidia mashirika yasiyotafuta faida ambayo yamo katika hatari ya kushambuliwa na magaidi. Haya ni makanisa, misikiti, masinagogi, mahekalu, shule, zahanati na hata majumba ya makumbusho. Fedha hizo husimamiwa na FEMA, shirika lile lile linaloshughulikia mafuriko na vimbunga.

Mwanzoni ni miji mikubwa tu iliyofaidika. Lakini maafa hayakuchagua mji. Mnamo Agosti 2012 mtu mwenye bunduki aliwaua Masingasinga hekaluni mwao huko Oak Creek, Wisconsin. Juni 2015 watu tisa waliuawa wakisoma Biblia katika kanisa la Wamarekani weusi mjini Charleston. Agosti 2017 bomu lilitupwa katika msikiti mmoja wa Bloomington, Minnesota, ambao waumini wake wengi ni Wasomali; kwa bahati hakuna aliyeumia. Oktoba 2018 Wayahudi 11 waliuawa katika sinagogi mjini Pittsburgh. Mwaka huo wa 2018 mlango ukafunguliwa kwa mashirika yaliyo nje ya miji mikubwa pia, na fedha zikazidi kuongezwa: dola milioni 90 mwaka wa 2020, milioni 180 mwaka wa 2021, na milioni 305 mwaka wa 2023.

Fedha hununua nini?

Usidhani kwamba padri au imamu hukabidhiwa bahasha. Shirika hupeleka maombi kwa ofisi ya jimbo lake, nayo ofisi hiyo huyafikisha FEMA. Ni lazima waombaji waeleze vitisho walivyopata, wakague jengo lao na kuonyesha penye udhaifu, kisha waseme kila kifaa kitaziba pengo gani. Wakikubaliwa, wanaweza kuweka ua, malango, taa, kamera, ving'ora na milango isiyofunguka ovyo. Wanaweza pia kulipia walinzi na mafunzo ya waumini.

Kuna kitu kimoja katika orodha hiyo ambacho Mkenya hawezi kukipuuza, nacho ni utando mwembamba unaobandikwa kwenye vioo vya madirisha. Kioo kikipasuka, utando huo huvishika vigae visiruke. Ukiuona utasema ni jambo dogo. Lakini kumbuka Agosti 7, 1998, hapa Nairobi. Mlipuko wa kwanza ulikuwa mdogo, na watu katika majengo ya jirani wakakimbilia madirishani kutazama. Bomu kubwa lilipolipuka, vioo vikageuka visu. Zaidi ya watu 200 walifariki, na miongoni mwa maelfu waliojeruhiwa wako waliopoteza macho yao. Ndiyo maana nakusihi umfundishe mwanao hivi: akisikia mlipuko, asiende dirishani. Alale chini, mbali na kioo.

Chai na kiti

Je, vifaa peke yake vinatosha? Sikiliza kisa cha Colleyville, Texas. Asubuhi ya Januari 15, 2022, siku ya baridi, mtu alibisha mlango wa sinagogi. Rabi Charlie Cytron-Walker alidhani ni maskini anayetafuta mahali pa kujisitiri. Akamkaribisha ndani na kumtengenezea chai. Ibada ilipokuwa ikiendelea, mgeni akatoa bastola na kuwashika mateka watu wanne, rabi akiwa mmoja wao.

Mmoja aliachiliwa jioni. Waliobaki walikuwa wamejisogeza polepole karibu na mlango. Baada ya saa zipatazo 11, rabi alimrushia mtu yule kiti, na wote watatu wakatoka mbio salama. Baadaye alieleza kwamba mafunzo ya usalama aliyokuwa amepata ndiyo yaliyowaokoa.

Hapo ndipo penye kitendawili, msomaji. Chai ile haikuwa kosa. Nyumba ya ibada isiyomkaribisha mgeni ni ghala tu lenye viti. Lakini ukarimu bila tahadhari nao una bei yake. Mtu anahitaji kujua kutengeneza chai na kujua mlango wa kutokea uko wapi.

Kasoro nazo zipo

Mpango huu hausifiwi na wote. Kwanza, fedha hazitoshi: mwaka wa 2023 chini ya nusu ya waombaji walifanikiwa. Pili, kwa kawaida shirika hugharamia kazi kwanza, kisha hurudishiwa fedha zake baadaye. Kanisa kubwa lenye akiba litaweza, lakini msikiti mdogo wa wahamiaji unaokodi ukumbi utapata wapi? Tatu, kuandika maombi ni kazi ya wataalamu, na wanyonge mara nyingi hawana mtaalamu. Tena, mkono wa serikali unaweza kusita. Mapema mwaka wa 2025 ruzuku nyingi za FEMA zilisimamishwa kwa muda ili zikaguliwe, na waliokwisha kutumia fedha zao wakabaki wakingoja.

Sisi nasi?

Kenya tumeonja uchungu huu. Julai 1, 2012, makanisa mawili ya Garissa yalishambuliwa wakati wa ibada, na zaidi ya watu 15 wakauawa. Viongozi wa Kiislamu walifanya nini? Walikubali kwamba vijana wao wayalinde makanisa ya jirani zao. Ulinzi huo haukungoja ruzuku wala fomu.

Basi jambo la kufanya lipo hata mfuko ukiwa mtupu. Muulize mzee wa kanisa au msimamizi wa msikiti: milango ya dharura iko mingapi, na je, ufunguo wake uko kwa nani wakati wa ibada? Watoto wa madarasa ya dini watatokea wapi? Nani atapiga simu? Nawe mwanafunzi, ukiingia ukumbini, angalia njia mbili za kutoka kabla ya kuketi.

Na ukipita langoni juma lijalo, usimkunjie uso yule bawabu anayekuomba mkoba. Mwamkie, umjulie hali. Ukiweza, mpelekee kikombe cha chai.